Supu ya Dirishani

Cibalonza alidhani ameachana na uchuuzi siku alipoikimbia Kabalo, kule Kongo. Huko, kwenye njia panda ya reli, aliuza samaki na kwanga, mikate ya muhogo, madirishani mwa treni hadi miguu ikavimba. Sasa yuko Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, Marekani, anamtunza Mzee Wolfgang, Mjerumani aliyepotewa na kumbukumbu. Miguu inavimba vilevile.

Mzee alikuwa amegoma kula. Binti yake, anayeishi Columbus, alisema waziwazi: nesi akija mwisho wa mwezi akakuta kilo zimepungua tena, baba atahamishiwa nyumba ya wazee. Kwa Cibalonza maana yake ilikuwa moja tu: kurudi kubeba maboksi ghalani, na mgongo wake hauna tena habari na maboksi.

"Kula, Mzee."

"Bado. Hatujafika Altbruck."

Altbruck ndiko alikozaliwa. Hadithi yake Cibalonza ameisikia hadi imemkinaisha. Palikuwa na kinu na kanisa bondeni, na mlima mbele. Reli ikaja. Treni hazikuweza kuupanda mlima ule kwa kichwa kimoja, basi kila moja ilisimama ifungwe kichwa cha pili, na abiria wakingoja waliuziwa supu dirishani. Mji ukanenepa: karakana, hoteli, baa kila kona. Kisha vikaja vichwa vya umeme, vyenye nguvu zao. Treni zikaacha kusimama. Ikabaki saa ya stesheni, ikiwaonyesha wakati watu wasio na safari.

"Mji ulikula udhaifu wa mteja," Cibalonza alimwambia Chimène, mwenzake wa zamu ya jioni. "Mteja alipopona, ukalala njaa."

Jumatatu moja alichoka kubembeleza. Alivaa koti, akachukua bakuli, akazunguka nje hadi chini ya dirisha la Mzee, akagonga kioo.

"Supu! Supu ya moto!"

Dirisha likafunguka. Macho ya Mzee yalikuwa yameamka. "Bei gani?"

"Vifungo viwili vya shati."

"Mwizi wewe! Kimoja."

"Kwa kimoja nakupa maji ya moto matupu."

"Basi, sitaki."

Mchuuzi mgeni angelegeza bei. Cibalonza hakulegeza: abiria hanunui kwa njaa, hununua kwa hofu ya treni kuondoka. Akageuka na bakuli lake, akaanza kwenda zake, akipaza sauti: "Kichwa kimefungwa! Tunaondoka!"

"Wee mama! Rudi! Chukua vyote viwili!"

Mzee aliimaliza supu, akalamba na kijiko.

Chimène, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kazini, alishika kiuno. "Donc, Mama Cibalonza, unamuuzishia muzee supu yake mwenyewe? Weye utaenda mu moto!"

"Bon, kule nitauza maji ya baridi. We shona vifungo."

Tangu hapo kila mlo uliuzwa dirishani, na kila jioni Chimène alirudisha vifungo kwenye mashati. Nesi alipokuja, kilo zilikuwa zimepanda. Binti alipiga simu kutoka Columbus: baba atabaki, na Cibalonza aendelee hivyo hivyo.

Aendelee. Kesho yake theluji ilianguka. Cibalonza alisimama chini ya dirisha, viatu vimelowa, bakuli likifuka moshi mikononi.

"Vifungo vitatu," alisema.

"Jana vilikuwa viwili!"

"Jana hapakuwa na theluji, Mzee. Unanunua, au treni iondoke?"