Nyumba Iliyotoka Ziwani

Jumatatu iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya maji hapa ninapopanga, Busia upande wa Uganda, simu ikalia, na kabla sijaipokea nilikuwa nimeshajiandalia habari mbaya za kila aina: mama ameanguka kule Masafu, mwenye nyumba anakitaka chumba chake, ile kazi niliyoomba imekwenda kwa mwingine. Wasomaji wa safu hii mmeshanizoea. Kwangu mimi simu haiwi simu tu. Lakini habari iliyokuja haikuwamo katika zile nilizojiandalia. Aliyepiga alikuwa dada mkubwa wa yule mzee wa Majanji niliyewahi kumtaja hapa, yule aliyeishi ndani ya boti ziwani mwaka mzima, hata miezi ya mvua kubwa ambapo wavuvi wenyewe huvuta mitumbwi yao nchi kavu na kukaa majumbani. Aliniambia ndugu yake amefariki hospitalini, kifua kilimbana kwa siku chache tu, basi. Nikiwa bado natafuta neno la pole, akaongeza jambo ambalo ndilo limenifanya niandike leo. "Wazee wanasema hana nyumba," alisema. "Wewe ulikaa naye kule. Kuja uwaambie."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu pande hizi, kuanzia kwa Wasamia wa Masaba hadi kwa Jopadhola wa Petta, mwanamume mzima hapelekwi kaburini kabla ya kulala chini ya paa lake mwenyewe. Mwili ukirudi kutoka hospitalini unaingizwa ndani ya nyumba yake, watu wanamlilia humo, ndipo mambo mengine yaendelee. Kama hakujenga, vijana wa ukoo hukata miti na majani wakamsimamishia kibanda siku hiyo hiyo, mwili ukaingia humo. Hakuna anayemtukana marehemu kwa hilo. Lakini kila anayepita na kukiona kibanda kile, majani yake yakiwa bado mabichi, anajua kinachosemwa: huyu alipita duniani bila kujenga. Baada ya matanga hakitengenezwi tena. Kinaachwa kianguke chenyewe, na watoto wa ukoo wanakua wakikiona kinaanguka. Dada yake, mama aliyemlea huyu ndugu tangu akiwa anabebwa mgongoni, hakutaka aagwe namna hiyo.

Marehemu hakuwa mtu wa ziwa. Alikuwa mtoto wa Petta, mahali pa mihogo na mtama, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia mpakani akiwa ajenti wa forodha. Kazi yake ilikuwa kukimbia na makaratasi ya malori, kutoka ofisi ya upande huu hadi ofisi ya upande ule, shati limepigwa pasi, kalamu sikioni. Kisha ofisi za nchi mbili zikawekwa chini ya paa moja, makaratasi yakaingia kwenye kompyuta, na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia akakosa pa kukimbilia. Akanunua boti ya mbao iliyochakaa, iliyokuwa ikibeba watu na magunia kwenda visiwani, akidhani ataanza maisha mapya. Injini ikafa msimu wa kwanza. Akalala botini ili wezi wasibandue mbao, akalala tena, akajenga kibanda cha mbao na mabati juu yake, akaweka jiko, na siku moja akagundua kwamba hajalala nchi kavu tangu mavuno yaliyopita. Mashati hakuacha kuyapiga pasi. Ukifika Majanji ukaona boti imefungwa pembeni mwa mafunjo, na ndani yake mzee mwenye kola iliyosimama kama ya mtu anayengojewa ofisini, ndiye huyo.

Nilimwendea mara ya kwanza nikitafuta kichekesho cha kujaza safu. Nilimwonyesha kwenye simu yangu picha za Wazungu wanaoishi ndani ya mashua majira yao ya baridi, barafu imezunguka pande zote, moshi unatoka kwenye bomba dogo la paa. Alizitazama kwa muda mrefu sana, nikadhani zimemgusa. Halafu akauliza kwa upole hao wanakwenda haja wapi. Nikacheka hadi nikasahau maswali niliyokuwa nimeyaandika. Tangu siku hiyo nikawa naenda bila maswali. Yeye aliniita msomi, na neno hilo mdomoni mwake lilikuwa nusu sifa, nusu kejeli, kwa kuwa alijua digrii yangu iko kwenye bahasha chini ya godoro na mimi niko kwenye foleni ya maji.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya dhoruba. Nilifika asubuhi, ziwa limetulia kama maji ya beseni. Mchana wingu likapanda kutoka upande wa kusini, jeusi, limenyooka chini kana kwamba limekatwa kwa panga, na kabla sijamaliza kuuliza kama ni mvua au ni moshi, upepo ulikuwa umeshatufikia. Kurudi ufukweni kwa mtumbwi hakukuwezekana tena. Boti ilikuwa imefungwa kwa kamba moja tu, puani, na hilo lilinitisha kuliko radi. Nikaanza kuuliza. Kamba hiyo ni ya lini? Ikikatika tutakwenda wapi? Mabati haya hayaiti radi? Koti la kujiokolea liko wapi, na kama ni moja, ni la nani? Yeye alikuwa anapiga shati pasi, pasi ya makaa, mguu mmoja umejikaza kwenye ubavu wa boti ili asianguke. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Wewe msomi, wacha kwanza boti izame, ndio tuongee."

Boti ikageuka yenyewe ikautazama upepo, na ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mbao zikilia kila moja kwa sauti yake. Mvua ilipiga bati hata tukawa tunaongea kwa mikono. Baridi ilikuwa ile ya kuingia mifupani, ambayo watu wasiojua ziwa hawaamini kwamba ipo kwetu. Akahamisha makaa kutoka kwenye pasi akayarudisha kwenye jiko, akachemsha chai. Chai yenyewe ilikuwa mbaya, yenye moshi na ladha ya samaki. Alipokuwa akiimimina nilimwona anaitazama ile kamba moja, mara mbili. Nikamuuliza kama na yeye anaogopa. Alikaa, akaweka kikombe katikati ya magoti yangu ili kisimwagike, akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi sana.

"Mimi pia naogopa. Kila saa naogopa. Lakini hii ya hapa iko na mwisho, unaona? Upepo unachoka, unakwenda. Ile ya kule juu, ya watu kuuliza umejenga, umejenga, hiyo hakuna siku inachoka."

Kisha akalala chali, shati lake safi likining'inia juu yake, na mimi ambaye usingizi huwa naubembeleza kama mtoto wa mtu mwingine, nikalala papo hapo, mchana, katikati ya dhoruba, bega moja likilowa kwa sababu bati lilivuja kwenye kona yangu. Nilipoamka ziwa lilikuwa limetulia na yeye alikuwa anayamwaga maji kwa sufuria. Sijawahi kulala hivyo tena. Nimejaribu chumbani kwangu kwa kila njia, hata kwa kusikiliza sauti za mvua kwenye simu. Sauti peke yake haitoshi. Kinachokosekana ni ule mtikisiko, na mtu mwingine ndani ya mtikisiko huo huo.

Hilo swali lake la umejenga mnalijua. Vijana wengi wa rika langu tunaoishi katika vyumba vya kupanga vya Busia na Tororo tunaacha kwenda nyumbani sikukuu kwa sababu yake. Shangazi anakusalimia, anakupa kiti, anakupa uji, halafu anatazama mahali patupu kwenye boma ambapo nyumba yako ingekuwa. Wala hakuulizi tena, anatazama tu. Zamani kijana alikata miti mwenyewe, akasaidiwa na wenzake kukandika, na baada ya majuma machache ana pa kulala. Siku hizi nyumba ya udongo ni aibu na ya matofali haifikiki, kwa hiyo tunabaki katikati, watu wazima wasio na paa, tukisema mwakani. Marehemu alianza msingi kule Petta zaidi ya mara moja na kila mara akauacha. Aliniambia nyumba ya nchi kavu, hata kabla haijaisha, inakudai uimalize. Boti haikumdai chochote ila atoe maji.

Basi nikaenda Petta. Njiani nilipanga hotuba nzima, nikaifuta, nikaipanga upya, nikajiuliza kama kijana wa Kisamia ana haki ya kusema mbele ya ukoo wa watu wengine. Nilipofika, vijana walikuwa wameshakata miti na kuilaza chini, wakingoja neno. Mwili ulikuwa bado hospitalini. Dada yake alinishika mkono akanipeleka mbele ya mzee wa ukoo, mwanamume mfupi mwenye koti la suti na gambuti, akasema huyu ndiye aliyekaa naye. Hotuba yangu ikapotea yote. Mzee hakuihitaji. Alinitazama kama daktari anayeuliza dalili, akauliza kama ndani ya hicho kitu mtu aliwahi kuwasha moto.

Nikasema aliuwasha, kila siku.

"Wewe ulikula cha moto huo?"

"Nilikunywa chai, mzee. Ilikuwa mbaya."

Vijana waliokuwa na mapanga wakacheka, mmoja akasema basi ni yeye kweli, chai yake tunaijua. Mzee hakucheka. Akauliza kama mvua iliwahi kunikuta humo. Nikasema ndiyo, mvua kubwa, ya upepo. Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu Tororo: nililowa au sikulowa? Nikisema sikulowa, nitakuwa nimedanganya juu ya mtu aliyekufa. Nikisema nililowa, huenda nikawa nimemnyima nyumba kwa ajili ya kona moja ya bati. Nikamwona dada yake amekunja ncha ya leso yake kwenye ngumi, hanitazami mimi, anaitazama ile miti chini. Nikafikiria hadi vijana wakaanza kukohoa.

"Nililowa bega moja," nikasema.

Mzee akaugeukia ukoo. "Bega moja," alisema. "Yangu inanilowesha yote mawili. Hiyo ni nyumba. Nendeni muilete."

Pikapu ikaondoka mchana huo huo. Watu wa Majanji, majirani zake wa ufukweni, wakasaidia kukibandua kibanda kutoka kwenye boti, ubao kwa ubao, hawakupoteza hata misumari. Boti yenyewe iliachwa pale kwenye mafunjo. Kesho yake tuliwaona wanarudi, mbao na mabati yamepangwa nyuma ya pikapu, jiko na pasi juu yake, vimetoka ziwani, vimepita Masafu na Busia, vimepita chini ya mwamba wa Tororo, hadi kwenye majani ya Petta ambako hakuna maji yoyote isipokuwa ya kisima. Vijana wakakisimamisha kabla ya jua kutua. Dada yake ndiye aliyechagua mlango utazame wapi. Alituuliza ziwa liko upande gani, tukamwonyesha, akasema basi huko. Kisha akaingia peke yake, akawasha jiko, na moshi ulipotoka kwenye tundu la ukutani wanawake wakaanza kulia. Mwili ukaletwa, ukaingia kama wa mtu mwenye nyumba yake.

Siku ya mazishi mvua ilikuja kabla ya sala. Tulioweza kuingia kibandani tukaingia, tukabanana kuzunguka jeneza, mimi nikajikuta kwenye kona yangu ile ile. Upepo ukapiga ubavu wa mbao na mbao zikalia, kila moja kwa sauti yake, kama siku ile. Tone likaanguka begani. Bila kufikiri, na msomaji anayenijua atalishangaa neno hilo, nikaukaza mguu na kuinama upande, nikingoja sakafu ipande. Haikupanda. Ardhi ya Petta ilibaki pale pale chini yangu, imara, na sijawahi kuuona uimara wenye upweke kiasi kile.

Mama aliponiuliza, niliporudi Masafu, kama yale ya Petta yamenifundisha kujenga, nilimjibu ndiyo. Nilimwomba anionyeshe mahali pangu kwenye boma, akanionyesha, akafurahi sana. Sitangoja matofali. Nitaanza na kitu kidogo, cha udongo, kitakachovuja kwenye kona moja, na nitanunua jiko kabla ya kitanda. Halafu nitangoja siku ya upepo mkubwa, nimwite mtu anayeogopa kama mimi, nimkaribishe chai.