Sahani ya Jirani

Sahani ilikaa kwangu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ni ya udongo, nyeupe, ina maua ya bluu pembeni, na kila nikifungua kabati inanitazama. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliniletea juu yake kipande cha mkate wa kumimina. Kwetu Bagamoyo sahani ya mtu hairudi tupu. Unairudisha na chochote, hata ndimu. Lakini mimi ningeweka nini, na kitu pekee ninachojulikana nacho mtaani ni huo huo mkate wa kumimina?

Niseme yalivyo, maana nikijipendelea hapa namdanganya nani. Mimi nilianza kuuza zamani. Naloweka mchele, nausaga na tui la nazi na iliki, nauacha uumuke, namimina kwenye sufuria, napalia makaa juu ya mfuniko. Ramadhani watu walikuwa wakinigongea kabla ya alasiri. Mtoto akitumwa mkate hakuambiwa nyumba gani. Yeye kaanza juzijuzi tu. Lakini sikumfundisha mimi, kwao walikuwa wakipika tangu bibi yake, kwa hiyo siwezi kusema kaniibia. Nilitamani sana awe kaniibia.

Alianza na picha za kwenye simu. Ikaja oveni ya gesi. Yakaja maboksi yenye kidirisha cha nailoni, mkate ndani umekaa kama bibi harusi. Siku hizi bodaboda wanapanga foleni mlangoni kwake, wanapeleka mikate Mapinga kwa wale waliohamia kutoka mjini, na mingine inafika Dar. Kaajiri na wanawake wa hapa hapa mtaani. Mimi nipo barazani napeta mchele, nasikia pikipiki inakata kona, na bado moyo unaniambia labda hii ya kwangu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja siku moja akafungua kabati kutafuta kikombe.

"Wifi, sahani ya nani hii? Maana zako zote zina ufa."

"Ya jirani."

"Aaa, ya bosi!" Akacheka peke yake. "Na mkate wake umeuonja?"

Nilikuwa nimeuonja nikitafuta kosa. Nilibonyeza katikati nione kama mbichi. Nilinusa kama hamira imezidi. Mkate ulikuwa mzuri. Laini, vitundu vyake sawasawa, iliki haipigi kelele. Labda chini ulikosa ile harufu ya makaa, lakini sijui, huenda ni pua yangu ilikuwa inanitetea.

"Mzuri," nikamjibu.

"Basi mrudishie sahani na wa kwako, ajue nani ni nani. Au unaogopa?"

"Niogope nini?"

"Unaogopa, wifi. Umedoda kama mkate uliokosa hamira."

Nikapika. Wa kwanza ulivunjika wakati wa kuutoa, tukaula wenyewe. Wa pili uliungua kidogo upande mmoja, nikaukata upande ule, nikaweka uliobaki kwenye sahani na kitambaa juu, nikaenda kwake.

"Shoga!" jirani akapiga ukelele. "Nikadhani sahani yangu umeshaiozesha mume!"

Akamega palepale, akiwa wima, akatafuna. Niliomba aseme kitu kibaya nipate kumchukia kwa haki.

"Eee, makaa haya," akasema. "Oveni yangu hainipi hii harufu hata niibembeleze. Hebu ngoja." Akafuta mikono, akasogeza sahani dirishani, akapiga picha.

Nikarudi nyumbani nikiamini kaipiga picha ili auite mkate ule wake. Nililiamini hilo vizuri kabisa, nikalitafuna njia nzima, ingawa njia yenyewe ni hatua chache. Jioni wifi akaja mbio na simu. Jirani kaiweka picha, na chini yake kaandika: "Huu si wangu, ni wa jirani yangu. Mkitaka wa makaa msinisumbue mimi, mpigieni mwenyewe." Na namba yangu.

Wifi akapiga kigelegele. Mimi nilikaa kitako. Nilipaswa kufurahi, na kidogo nilifurahi, lakini kilichonijaa ni wivu tena, safari hii wa wema wake. Angekuwa na roho mbaya ningepumzika. Mimi ningemfanyia vile? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu silipendi.

Kesho yake simu ikalia. Mwanamke wa Mapinga.

"Asalam aleikum. Samahani dada, wewe ndiye jirani wa mama mikate?"

Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama. Miaka yote mtaa huu mama mikate ni mimi.

"Haloo? Dada, unanisikia?"

"Waaleikum salaam. Nakusikia," nikasema. "Ndiye mimi. Jirani yake."

Akaagiza mikate ya hitima ya Ijumaa, akasisitiza iwe ya makaa, na ifike ikiwa kwenye maboksi. Nikaloweka mchele. Nilipoufunika ndipo nikakumbuka kwamba boksi sina, sijawahi kuwa nalo. Nikajitanda kanga nikaenda kugonga kwake.

Hakuuliza hata ya nini. Alinihesabia maboksi akicheka, akaniambia nisubiri, akaingia ndani. Aliporudi aliniwekea juu ya maboksi sahani ile ile ya maua ya bluu, na kipande cha mkate wake, bado cha moto.