Walburga na Madodoki Yake

Walburga wa Namswea hakuwa mtu wa kutembeatembea. Mama yake alimlea akijua kwamba mtu mzima hapigi hodi kwa mwenzake mikono mitupu, wala haendi kukaa kwa watu bila shughuli inayoeleweka. Unapeleka mbegu, unaazima jembe, unahani msiba. Ukimaliza, unaaga. Kukaa kupiga soga ni kazi ya wavivu, na Walburga alikuwa na kasoro zake, lakini uvivu haukuwamo.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwondolea mume, ukamwozea na binti mbali, unamwacha na nini? Bernadi alifariki kwa homa ya mapafu, Bonifasia akaolewa Songea, nyumba ikabaki na Walburga na kuku. Zamani walau kulikuwa na siku ya kupeleka kahawa kwenye ghala la ushirika. Watu walikesha foleni, wakataniana, wakagombana juu ya mzani, wakarudi hoi lakini wamechangamka. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaanza kufika na magari na mizani yao hadi uani kwa mtu. Kahawa ilipimwa, gunia likafungwa, gari likaondoka. Kila mtu alishukuru kwamba usumbufu umekwisha. Walburga aliukosa ule usumbufu hadi roho ikamuuma, ila hakuthubutu kumwambia mtu.

Kilichomtoa nyumbani ni mdodoki. Uliota wenyewe nyuma ya jiko, ukapanda mti wa mgrevilea uliokauka, ukaufunika wote kwa majani na maua ya njano yaliyojaa nyuki. Matunda machanga aliyakata akayapika kwa karanga. Mengine aliyaacha yakaukie huko huko juu, mpaka ukilitikisa moja unasikia mbegu zikicheza ndani. Hapo aliyaloweka, akayamenya, akayapigapiga juu ya jiwe mbegu zikatoka, akaanika. Madodoki ya Walburga yalisugua masufuria, yalichuja pombe, yalikatwa yakawekwa ndani ya mabuti ya mpira, yalikunjwa yakawa ngata ya kubebea ndoo. Na zaidi ya yote yaliogewa. Alikuwa na aina yake moja aliyoibuni mwenyewe: madodoki mawili yameshonwa pamoja, yana kitanzi cha kamba kila upande, ili mtu ashike huku na huku ajisugue mgongo. Mwenye mwenzake nyumbani kitu hicho cha nini?

Kila Jumamosi aliyafunga kwenye khanga akaenda nayo Mbinga mjini, dukani kwa Nurdini. Aliyekaa kaunta ni mke wa Nurdini, Halima, ambaye watu wake walitoka Lindi, na mdomo wake ulikuwa haupumziki.

"Karibu kiti, Mama Bonifasia! Chai hiyo inakuja."

"Asante, Mama Shamimu, lakini naondoka sasa hivi."

Alikaa pembeni kabisa mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa, na adhuhuri ilimkuta hapo hapo. Halima alimsimulia mambo ya majirani, ya mawifi, ya harusi iliyovunjika kwa sababu ya mbuzi, na Walburga alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Njiani kurudi alizirudia zile hadithi peke yake, akicheka tena.

Kisha bidhaa za nje zikafurika. Zikaja sponji za plastiki, zikaja neti za nailoni zenye rangi za pipi. Jumamosi moja Walburga alimkuta Nurdini peke yake, Halima yuko msibani.

"Mama, madodoki hayatoki tena," Nurdini alisema kwa upole. "Watu wanataka hivi vya kisasa. Usilete kwanza."

"Haya, baba. Hamna neno."

Akabeba furushi lake akarudi.

Jumamosi iliyofuata aliamka, akaoga, akavaa, akakaa kitandani. Aende kufanya nini? Kununua chumvi? Chumvi ilikuwa tele hapo hapo Namswea. Nani atembee mpaka mjini kufuata chumvi kama si mwenye wazimu? Na Halima akimwuliza, "Umeleta nini leo?", atajibu nini? Akavua nguo nzuri akashika jembe. Ndivyo zilivyopita Jumamosi nyingi, mdodoki ukachanua upya, na yeye akaanza kuzungumza na kuku kwa kirefu. Alimkumbuka Halima kiasi cha kujionea haya, maana alidhani si heshima mtu wa umri wake kumlilia mtu baki.

Hatimaye jino ndilo lililomhurumia. Liliuma vibaya hata ikabidi aende kung'olewa mjini, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulifurahia jino bovu namna ile. Alipotoka kung'olewa, shavu limevimba, alikwenda moja kwa moja dukani. Akakuta mitumba imetundikwa mlangoni. Barazani alikuwepo Hamidu, fundi cherehani aliyeshona hapo siku zote.

"Shikamoo mama. Umepotea!"

"Marahaba. Wenyewe wako wapi?"

"Wamehamia Mbamba Bay, wanafanya biashara ya dagaa. Mama Shamimu alikungoja sana. Kila Jumamosi anaweka chai, anasema labda leo. Mwisho akasema umemsusa kwa ajili ya mumewe na sponji zake."

Walburga akakaa kwenye ngazi. "Sikumsusa," alisema. "Nilikosa cha kuleta."

Hamidu akamtolea kigoda.

Kurudi nyumbani, Walburga aliangua madodoki makavu, akachagua mazuri, akafunga furushi la safari. Akalitazama. Akifika nalo, Halima ataona amefuata biashara, na Nurdini atalazimika kununua kwa kuona aibu. Akalifungua. Asubuhi alipanda lori la kwenda ziwani bila chochote mikononi, na njia nzima hakujua mikono yenyewe aiweke wapi.

"Mama, mzigo wako?" dereva aliuliza.

"Sina."

"Unakwenda msibani, pole."

"Wala."

Dereva akaacha kuuliza. Lori liliteremka milima kwa kusuasua, ziwa likaonekana chini, kubwa, na Walburga akatamani kushuka arudi kwa miguu. Hakushuka.

Mbamba Bay walimwelekeza nyumba. Halima alikuwa uani akianua dagaa. Alisikia hodi, akainua kichwa, akaanza kutabasamu. Kisha macho yake yakashuka kwenye ile mikono mitupu, na ungo ukamponyoka.

"Mama Bonifasia! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama Shamimu," Walburga alisema. "Nimechoka kukaa peke yangu."