Fundi Nuhu na Skrini Mbili za Ruangwa

Fundi Nuhu ana meza kwenye kona ya duka langu la steshenari hapa Nachingwea, mwaka wa nane sasa, na miaka yote hiyo tumegombana kwa jambo moja tu. Kazi ya Nuhu huisha pale kitu kinapowaka. Ukimletea redio ikawaka, basi imepona; ikikoroma, atakwambia uizoee. "Dada Fauzia," huniambia, "watu wanataka kitu kiwake, mengine madoido." Ni mpole, hana makuu, na wateja wanampenda. Ila ulimi wangu hauna breki, na mara nyingi nimemwambia kwamba uzembe huo utakuja kumtokea puani. Leo natamani ningekuwa nimenyamaza.

Mwezi wa tano alipigiwa simu na Magreti, mpima ardhi wa mradi mmoja wa madini ya kinywe upande wa Ruangwa. Magreti alikuwa amepata skrini mbili kubwa, zile za 4K zinazoonesha hata kitu kidogo, pamoja na doki, yaani kisanduku kidogo ambacho laptop inachomekwa kwa waya mmoja, nacho kinapeleka picha kwenye skrini zote mbili. Alitaka picha ya kitongoji kizima, iliyopigwa na droni wakati wa kiangazi, itandazwe kwenye skrini hizo kana kwamba ni moja.

Kitongoji hicho ndiko alikozaliwa Swaumu, mke wa Nuhu. Watu walikuwa wameshahama kuupisha mgodi, na makaburi yaliyomo kwenye orodha yangehamishwa kwa heshima kabla mashine hazijaingia. Wanaume waliyataja yote wanayoyajua. Lakini katika ukoo wa kina Swaumu, mtoto akifa kabla kitovu hakijadondoka, wanawake peke yao ndio wanaomzika, kichakani nyuma ya nyumba, na juu yake wanafunika kijungu cheusi cha kupikia. Baba haambiwi mahali. Mama haruhusiwi kulia kwa sauti, wala harudi pale akiwa na mgeni.

Nuhu na Swaumu walipata binti, Swaumu akiwa amekwenda kujifungulia kwao, na binti huyo aliishi siku nne. Ni miaka kumi na mmoja sasa, kabla ya mwana wao Huzaifa kuzaliwa. Nuhu hakuuliza amezikwa wapi, kwa kuwa haiulizwi.

Magreti ni mwanamke mwenye akili. Alikaa na kina mama wa kitongoji wakakubaliana kwamba kuonesha kwa kidole kwenye picha si kwenda. Tatizo likawa laptop. Akiivuta picha karibu ili kijungu kionekane, kina mama wanapotea, hawajui tena kisima kiko upande gani. Akiirudisha nyuma ionekane yote, kijungu kinayeyuka. Ndiyo sababu ya zile skrini: mtu aone kisima, njia na mikorosho yote, na hapo hapo aone kijungu, kidogo kama punje nyeusi ya ufuta.

Nuhu hayo hakuyajua. Alichoambiwa ni kuunganisha skrini. Kwenye maboksi mlikuwa na nyaya nene zilizokuja na skrini zenyewe, lakini vichwa vyake vilikuwa vya namna asiyoizoea, akaziacha kwenye nailoni zake. Akatoa mkobani nyaya mbili nyembamba za HDMI, za zamani, zisizoweza kupitisha picha kubwa namna ile, alizozing'oa kwenye banda moja la video lililofungwa. Skrini zikawaka. Magreti alipouliza mbona picha ina ukungu, Nuhu akamjibu kwamba picha za droni ndivyo zilivyo. Bodaboda ilikuwa inamsubiri nje.

Siku ya pili kina mama kumi na mmoja walikaa kwenye benchi mbele ya skrini. Sita walikisia kwa kufuata miti. Watano walisema hawaoni kitu. Swaumu alikuwa mmoja wa hao watano. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwamkia shangazi yake. Magreti akaamini kwamba vijungu vya hao watano vilishavunjika kwa uzee, akaifunga orodha.

Wiki ya tano Magreti akapiga tena, maandishi kwenye skrini yanamuumiza macho. Nikamwambia Nuhu, "Safari hii nenda ukaimalize kazi ya watu." Akaenda. Akazifungua zile nyaya nene, akazichomeka kwenye doki, akaingia kwenye mipangilio na kuipandisha picha hadi kipimo kamili cha skrini. Ili kujaribu, Magreti akafungua picha ya kitongoji.

Ukungu haukuwepo. Kisima kilikuwa hapo, njia hapo, na katikati ya majani makavu punje nyeusi, moja moja. Magreti akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa kumi na moja. Nuhu akauliza ni nini hizo, akaelezwa. Kisha Magreti akasoma majina ya wale watano waliosema hawaoni. Hakujua Swaumu ni mke wa nani.

Nuhu alirudi dukani mchana na flashi mkononi, akaniomba niitoe picha ile kwenye karatasi kubwa. Hakunitania hata neno moja, nikajua mambo yameharibika. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunisimulia, karatasi iko mezani, Swaumu akaingia na chakula cha mchana cha mumewe.

Aliiangalia ile picha. Akaweka hotpoti chini. Hakutafuta, kidole kilikwenda moja kwa moja.

"Huyu hapa," alisema, mbele ya mumewe. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Mbona siku ile sikumwona? Baba Huzaifa, mpigie yule dada mpima. Mwambie sasa naona. Kesho nakwenda kumwonesha."

Nilimkonyeza Nuhu anyamaze, Mungu anisamehe. Nilidhani uongo ungemsitiri walau mpaka jioni.

"Pameshasawazishwa, Mama Huzaifa," Nuhu alisema. "Wiki ya pili hii. Na zile skrini nilifunga mimi. Niliweka nyaya mbovu. Usingeweza kuona, hata ungekuwa na macho ya nani."

Mimi ningemrukia. Swaumu alikaa kwenye stuli ya wateja, kidole bado kiko kwenye karatasi.

"Mwezi mzima silali," alisema. "Najiambia, nimemsahau mwanangu. Mama gani huyo anasahau alipomlaza mtoto?" Akaipapasa ile punje nyeusi. "Kumbe sikumsahau."

Ndipo akalia, kwa sauti, kilio alichokatazwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Nuhu alikaa sakafuni karibu na miguu yake, na yeye akalia. Nikaenda kufunga mlango.

Nje alisimama mzee Bakary, ana cheti anataka kukitoa kopi. Nikamwambia arudi kesho, hapa kuna msiba. Akavua kofia, akauliza ni nani aliyefariki.

"Binti wa fundi Nuhu," nikamjibu.