Korongo wa Viroba

Nilitengeneza korongo saba kwa viroba vya mbolea na vijiti vya mwanzi, nikawapaka midomo rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupakwa milango ya choo cha shule, nikawasimamisha kwenye nyasi zilizoungua pembeni ya shamba letu la Michenga. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimelificha.

Sababu ilikuwa mpira. Mama hamwagi mbegu ya mpunga mpaka korongo weupe watue. Bibi alimfundisha hivyo. Kwa hiyo kila Jumamosi ya Novemba mimi ndiye niliyetumwa kutoka Ifakara kwenda kutazama kama wamefika, wenzangu wakiwa uwanjani. Mvua mbili zilikuwa zimeshanyesha. Nikajiambia, ndege wenyewe wanatoka Ulaya, safari ndefu, ngoja niwasaidie.

Mama akawaona akiwa juu ya bodaboda. "Wamefika!" akapiga kelele, dereva nusura aingie mtaroni. Alivyofurahi, nilitaka kusema ukweli. Lakini kulikuwa na mechi. Jioni ile ile akamwaga debe zima la mbegu.

Siku ya nne akawasogelea, hawakuruka. Mmoja alikuwa ameandikwa ubavuni "kilo hamsini".

Hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa. Mvua ikakata, jua likawaka wiki tatu, tetere na panya wakala mbegu yetu kama wamealikwa harusini. Mama akanionyesha debe la pili, la mwisho.

"Hili likipotea," akasema, "mwakani tutakula utani wako."

Nikaenda kwa mwalimu wa jiografia, nikitegemea ataniambia korongo halisi watatua lini. Akacheka. "Wale hawana kalenda ukutani. Wanafuata mvua na panzi huko wanakopita. Hali ya hewa ikibadilika njiani, nao wanabadilika. Na mvua ya hapa nayo ina mambo yake. Hao wawili, ndege na mvua, zamani walikuwa wanakutana. Siku hizi kila mmoja na ratiba yake."

Basi nikachukua daftari la hesabu, ambalo halikuwa na kazi nyingi, nikaanza. Kila alfajiri kabla ya shule, na hata baada ya shule kufungwa, baiskeli mpaka shambani, kidole kwenye udongo, naandika: mvua, unyevu, korongo. Korongo: hakuna. Korongo: hakuna. Wenzangu wakaniita bwana shamba. Niliwajibu mengine siwezi kuyaandika hapa, ila sikuacha hata siku moja.

Krismasi ilipokaribia, mvua ikashika kweli. Nikiingiza mkono, udongo umelowa mpaka kwenye kifundo. Korongo: hakuna.

"Mama, tumwage sasa."

"Wewe? Wewe ndiye wa kunieleza mimi habari za korongo?"

"Usiniamini mimi. Ingiza mkono."

Jirani yetu mwenye shamba la upande wa mto alikuwa anapita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anamtazama Mama. "Subiri korongo, mama. Mtoto mmoja asikudanganye mara mbili."

Mama alikuwa ameshapiga magoti, mkono umezama kwenye udongo. Akachukua daftari langu kwa mkono mwingine, akasoma ukurasa, akafunua wa pili, akafunua wa tatu. Akainuka, akafungua debe.

Wiki mbili zilizofuata nilikaa shambani kutwa nikipiga bati, nikiwatukana tetere kwa Kipogoro na Kindamba, maana Kiswahili walishakizoea. Mpunga ukaota. Ukafunika shamba lote.

Korongo halisi walitua Januari. Walikuwa wengi, wakubwa, wamesimama katikati ya mpunga wetu wakiokota vyura, majani yanawafika magotini. Upande wa mto jirani ndiyo kwanza alikuwa anamwaga mbegu, maji yamemfika kwenye mashavu ya miguu, na mbegu zinaelea.

Nikakimbia kumwita Mama. Akaja, akashika kiuno, akawatazama ndege, akautazama mpunga, akawatazama ndege tena. Mimi nikajiweka tayari kupongezwa. Akasema:

"Wale wako wa viroba uliwatupa? Kawalete, wasimame hapa watufukuzie kweleakwelea. Angalau wao waliwahi."