Tumbaku Mbichi Puani mwa Akinyi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi, kwetu Migori tulilima tumbaku, na dada yangu Akinyi alikuwa na kifafa. Mambo hayo mawili hayakupaswa kukutana kabisa.

Tuliamini kifafa ni kitu kinachomwingia mtu, na atakayegusa povu lake kitamhamia. Akinyi akianguka, watu walirudi nyuma. Baba peke yake ndiye aliyesogea, mikono ameivalisha mifuko ya nailoni asiguse povu, akaponda jani bichi la tumbaku na kumkamulia maji yake puani ili apige chafya na kile kitu kitoke. Akinyi aliyekuwa ameanza kutulia alitetemeka upya, vibaya zaidi. Hapo ndipo tulipopata moyo.

"Mnaona? Kinapigana," Baba alisema. "Dawa imeshika."

Hadi leo nikikumbuka furaha yetu ile siwezi kukaa kitako. Nainuka, nafungua dirisha, nalifunga tena.

Siku moja alitetemeka mpaka midomo ikageuka rangi. Mama akamrukia, akamkumbatia na povu lake, na kesho yake mimi na Mama tukampeleka hospitali, Homa Bay. Daktari aliitazama ile pua iliyochubuka.

"Mmemwekea nini hapa, mama?"

"Tumbaku, daktari. Ile mbichi."

Akatueleza polepole, Akinyi akiwa amelala. Ubongo una kemikali za kuuchochea na nyingine za kuutuliza. Za Akinyi zilikuwa zimepoteza mizani, na tumbaku ni sumu inayozidi kuuchochea. Mtetemeko ule wa pili haukuwa kitu kinachotoka. Tulikuwa tukimtia sumu.

Mama alilia njia nzima. Lakini Baba alipouliza habari, alimjibu, "Daktari anasema ulifanya vizuri, Baba Akinyi. Sasa imebaki vidonge tu." Alijua mumewe asingeweza kuishi na lile neno. Akinyi akameza vidonge vyake kila siku, kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Naye pia hakuambiwa kitu kuhusu ile sumu.

Mwaka jana tulimzika Baba. Akinyi, ambaye sasa ana duka lake Kosele, alisimama mbele ya waombolezaji.

"Wengine walinitoroka," alisema. "Huyu mzee alinishika, akaniwekea tumbaku. Ndiyo maana niko hai."

Watu wakaitikia amina. Mama aliinamisha kichwa. Mbele yangu alikaa jirani yetu ambaye mwanawe huanguka vilevile, nikamsikia akimnong'oneza mwenzake, "Yawa jamani, hiyo tumbaku ni mbichi ama kavu?"

Nilimvuta mkono hadi nje ya hema, nikamweleza kila kitu, sumu na mtetemeko wa pili, na dawa za hospitali ambazo mwanawe anaweza kuanza kesho. Nilipogeuka, Akinyi alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

Hajaniuliza lolote. Hupiga simu, husalimia watoto, hukata. Inaniuma, kwa sababu nimemnyang'anya baba aliyekuwa naye. Lakini yule mtoto wa jirani yuko shule, anameza vidonge, na ningemvuta mama yake mkono tena hata leo.