Soketi Mbili za Chumba cha Seva

Siku yangu ya kwanza katika hospitali moja ya hapa Nakuru, mwaka wa 2007, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa soketi mbili ukutani. Nilitoka kwenye kazi ya simu, miaka mingi ya kupanda nguzo kutoka Gilgil hadi Molo, na nilidhani stima naijua. Mkuu wa Mitambo, Singasinga mzaliwa wa mji huu, akaniambia, "Fundi, kila seva na soketi yake. Zisichangie kitu."

Seva zilikuwa mbili, na faili za wagonjwa ziliandikwa kwa zote kwa wakati mmoja. Moja ilihudumia wodi. Nyingine ilisikiliza mapigo ya moyo ya mwenzake, yaani ishara kwamba bado iko hai, kupitia waya. Mapigo yakinyamaza, ya pili inachukua anwani ya ile ya kwanza na kazi inaendelea, muuguzi hata hajui. Kuziunganisha kulinitoa jasho wiki tatu. Zilipokubali, nilifurahi kama mtoto.

Kila Ijumaa, kabla ya chai ya saa nne, nilitakiwa kuzima moja kuona kama ya pili itashika, kisha nitie saini kwenye kitabu cha ukaguzi. "Zima pale kwa ukuta," Mkuu alisisitiza. "Usizime na kibodi. Stima ikipotea haitakupigia hodi."

Mimi huyo, naogopa makelele ya wauguzi mfumo ukikatika! Nilizima taratibu kwa kibodi, nikaandika, "Imezimwa ukutani." Halafu Desemba nikataka mahali pa kuchomeka birika ya chai, nikahamisha seva ya pili, nikaichomeka pamoja na ya kwanza kwenye ekstensheni moja, ule waya wenye matundu mengi. Kwa muda tu, nilijiambia. Nikasahau.

Asubuhi moja mwanzoni mwa 2008, wodi zimejaa watu waliokimbia makwao kwa ghasia za uchaguzi, ekstensheni ikaungua. Seva zote mbili kimya. Mama mmoja wa mtaa wa Rhonda alikuwa kwenye meza ya upasuaji, anajifungua, anavuja damu, na kundi lake la damu limo ndani ya seva.

"Fundi, nipe hiyo rekodi sasa hivi!" daktari alinipigia.

Sikuwa nayo. Maabara ikaanza kupima upya, nami nimesimama pale na birika yangu. Wee! Sijawahi kuona aibu kama ile. Ningezima ukutani Ijumaa moja tu, zingekufa zote mbili mbele yangu, nikajua.

Mama alipona, na mtoto pia. Mkuu hakunifuta kazi. Alinifungulia kitabu.

"Hizi saini ni zako?"

"Ni zangu, mzee."

"Basi andika ukweli kando ya kila moja."

Niliandika "Sikuzima ukutani" kurasa nne.

Nilipostaafu walinipa blanketi na saa ya ukutani. Niliomba na kile kitabu, wakakataa. Fundi mpya akiripoti, kabla hajaonyeshwa soketi, hupewa kwanza zile kurasa nne azisome.